Oili, kulanti na mafuta ya breki: jinsi ya kukagua na kuongeza mwenyewe bila kujiumiza wala kuua injini

Umesimama kujaza mafuta, injini ndiyo kwanza imezimwa, na kijana wa pampu anauliza kwa upole: "Bosi, nikuchekie oili?" Anachomoa kijiti, anakuonyesha kuwa oili iko chini, na muda si mrefu umeshalipia lita moja. Inawezekana kabisa hapakuwa na upungufu wowote. Injini iliyozimwa sasa hivi bado ina oili nyingi huko juu, kwenye hedi na kwenye njia zake, na inahitaji dakika kadhaa kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Ukipima kabla haijashuka, kijiti kinaonyesha pungufu. Ukiongeza hapo, kesho asubuhi oili itakuwa imepita alama ya juu.

Kwa hiyo kazi hii ifanye mwenyewe, nyumbani, asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Haitaki ufundi, inataka utaratibu. Nimeandika nikiwa na mawazo kwenye magari tunayoendesha wengi wetu: Toyota IST, Vitz, Premio, Noah na wenzao wa Nissan na Honda walioshushwa bandarini baada ya kutumika Japani. Mengi ni yale yale kwa gari lolote la petroli. La dizeli nitalitaja panapotofautiana.

Andaa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi (fulana kuukuu inafaa), tochi, glavu, faneli mbili na kitu cha kuandikia. Faneli ni mbili kwa sababu iliyopitisha oili haitakiwi kusogea karibu na tangi la mafuta ya breki. Sababu yake utaiona mbele.

Kabla ya kufungua boneti

Egesha pahali tambarare. Gari likiinama hata kidogo, vipimo vyote vinaharibika. Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, au gia ya kwanza kama ni manyuo, zima na chomoa ufunguo. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, iache rimoti ndani ya nyumba. Feni ya rejeta inaendeshwa kwa umeme, na kwenye baadhi ya magari inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Funga au vua chochote kinachoning'inia: tai, ncha ya ushungi au khanga, mikono mipana ya kanzu, cheni ya shingoni. Pete na saa ya chuma vua pia, kwa sababu zikigusa ncha ya betri na chuma cha bodi kwa pamoja zinawaka moto kidoleni. Ukishainua boneti, hakikisha nondo yake imeingia sawasawa kwenye tundu. Na sigara ibaki mbali, hata kama wewe ni mzoefu.

Oili ya injini

1. Tafuta kijiti cha oili. Mara nyingi mpini wake ni wa njano. Kichomoe, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Usihesabu usomaji wa kwanza, kwa sababu oili iliyopanda kwenye bomba la kijiti wakati gari likitembea huwa imekipaka ovyo.

2. Kishike kikiwa kimelala, usikielekeze juu, oili isije ikatiririka kuelekea mpini. Tazama pande zote mbili. Zikitofautiana, amini upande unaoonyesha oili kidogo zaidi.

3. Alama ni mbili: L ya chini na F ya juu, au nukta mbili, au matundu mawili. Oili ikiwa popote katikati yake, gari liko salama. Wengine hawatulii mpaka iguse F kabisa. Hakuna faida ya ziada katika hilo.

4. Ikikaribia L, au ikiwa chini yake, ongeza. Futa kwanza vumbi kuzunguka mfuniko wa oili, maana mchanga ukidondokea humo unakwenda kusaga vyuma. Mimina robo lita, ngoja dakika tano, pima tena. Kwa injini ndogo nyingi, kutoka L hadi F ni kama lita moja, kwa hiyo ukiwa nusu ya njia usimwage lita nzima.

5. Funga mfuniko mpaka ukaze, rudisha kijiti, kisha hesabu vitambaa vyako. Kitambaa kilichosahaulika juu ya ekzosi kimeshachoma magari. Washa injini, angalia taa nyekundu ya oili ikizima ndani ya sekunde chache, zima, kisha chungulia chini kama kuna tone.

Oili kuzidi nako ni hatari. Ikipanda sana, krenki (shafti kuu ya injini) inaipiga inapozunguka na kuifanya povu, pampu inaanza kuvuta hewa pamoja na oili, na sili zinaanza kuvuja. Ukizidisha kidogo, milimita mbili tatu juu ya F, hakuna haja ya kuhangaika. Ukizidisha sana, usiwashe: ivute kwa bomba la sindano kubwa lenye mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti, au umwite fundi alegeze nati ya chini na kuipunguza.

Sasa, oili gani? Hapa ndipo ushauri wa mtaani unapopotosha wengi. Utaambiwa nchi yetu ina joto, kwa hiyo weka nzito, 20W-50, au SAE 40 kabisa. Oili hizo si mbaya. Ni za injini zilizoundwa kwa ajili yake. Injini ya IST au Vitz ina nafasi nyembamba kati ya vyuma, na mfumo wake wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, unasukumwa na oili hiyo hiyo kupitia vijia vidogo sana. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu, na dakika za mwanzo ndizo zinazokula injini. Injini hizo zilitengenezwa kwa oili nyepesi, kwa kawaida 5W-30. Angalia mfuniko wa oili, mara nyingi umeandikwa. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, elekeza kamera ya simu kwenye ukurasa na programu ya tafsiri itakusomea. Tarakimu kama 5W-30 zenyewe hazihitaji tafsiri. Mwenye dizeli atafute kwenye dumu herufi zinazoanzia na C, mfano CI-4, maana oili ya dizeli inapambana na masizi ambayo petroli haina.

Ukiwa njiani na oili iko chini ya L, usikatae kuongeza kwa sababu tu kampuni si ile uliyotumia. Oili za injini zenye daraja moja huchanganyika. Injini inayokosa oili haikusubiri ufike mjini.

Rangi nayo inasema kitu, lakini si kile wengi wanachodhani. Oili nyeusi si lazima iwe imekufa. Kwenye dizeli inakuwa nyeusi siku ile ile ya kuibadilisha. Cha kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti: maji ya rejeta yameingia, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka fundi aangalie gasketi ya hedi. Ukiona utando wa aina hiyo chini ya mfuniko tu, kijiti kikiwa safi, na unaishi pahali pa baridi kama Njombe na safari zako ni fupi fupi, huenda ni jasho la injini isiyopata joto la kutosha. Ipeleke safari ndefu kisha uangalie tena.

Na ile taa nyekundu yenye umbo la birika: haikuambii oili imepungua kidogo, inakuambia presha ya oili imeanguka. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama palepale penye usalama na uzime. "Ngoja nifike hapo mbele" ndiyo inayonoki injini.

Kulanti

Kulanti ni maji ya dawa yanayozunguka kwenye rejeta kupoza injini. Hapa ndipo watu wanapoungua uso na mikono, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Mbeya, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu nyuzi 94. Themostati ya gari dogo, valvu inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka karibu nyuzi 82, na injini inafanya kazi yake kati ya nyuzi 80 na tisini na kitu. Ungekuwa na maji matupu kwenye chombo kilicho wazi, ungechemsha kila siku. Kinachozuia ni mfuniko wa rejeta: unafunga presha ndani, tarakimu ya presha iliyoandikwa juu yake mara nyingi ni 0.9 au 1.1, na presha hiyo pamoja na kulanti vinasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 au zaidi. Sasa fikiria unaufungua ikiwa moto. Presha inatoka kwa mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 105 yanageuka mvuke sekunde ile ile, usoni mwako.

Basi usifungue rejeta ya moto. Shika kwa mkono mpira mnene wa juu wa rejeta: kama hauwezi kuuminya kirahisi, au unaunguza, bado. Baada ya safari subiri angalau nusu saa, na saa nzima si uoga.

Ukaguzi wa kawaida hauhitaji kufungua rejeta kabisa. Tazama tangi la akiba la plastiki lililo pembeni. Lina alama za LOW na FULL. Gari likiwa baridi, kulanti iwe kati yake. Imepungua? Fungua mfuniko wa tangi hilo, ongeza mpaka karibu na FULL, funga.

Lakini ukikuta tangi limekauka kabisa, usiridhike na kulijaza. Rejeta yenyewe inaweza kuwa na upungufu. Ikiwa baridi kabisa, weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, simama pembeni, zungusha kidogo mpaka pale unapogota. Ukisikia sauti ya kupumua, acha itoke. Kisha bonyeza chini na uzungushe mpaka utoke. Kulanti iwe imefika shingoni. Ongeza polepole ili hewa ipate njia, washa injini huku hita ya ndani ikiwa kwenye joto la juu, acha iungurume kidogo tu mpaka mapovu yapungue, ongeza iliyoshuka, funga kabla haijapata moto. Ikipoa kesho, angalia tena tangi la akiba.

Kuna wanaosema kulanti ni ya nchi za theluji. Kuganda si tatizo letu, kweli, lakini kulanti inazuia kutu ndani ya injini ya aluminiamu na inalinda wota pampu. Maji ya kisima ya Dar es Salaam, mengi yake yana chumvi, na chumvi hiyo inaziba mirija ya rejeta kidogo kidogo mpaka siku ya foleni. Kama kulanti yako ni nzito ya kuchanganya, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled water). Kama dumu linasema imeshachanganywa, usiongeze maji. Ukinunua maji hayo kwa jina la "maji ya betri," soma chupa vizuri: madukani asidi ya betri nayo wakati mwingine inaitwa hivyo hivyo.

Kuhusu rangi: Toyota wana nyekundu na pinki, Honda bluu, na kuna kijani za kila aina. Rangi ni rangi tu, kampuni mbili zinaweza kutumia moja kwa dawa tofauti. Fuata maelezo ya gari lako. Ukikwama porini, maji safi ya kunywa ya chupa yatakufikisha, ila mfumo usafishwe na kujazwa upya mapema.

Kulanti haitakiwi kupungua, ukiacha kiasi kidogo sana kwa miezi. Ni mfumo uliofungwa. Inayopungua kila wiki inakwenda mahali: ukoko wa pinki au mweupe karibu na wota pampu, mpira uliochanika, kapeti ya mbele iliyolowa upande wa abiria, moshi mweupe wenye harufu ya utamu kwenye ekzosi. Kuongeza kila Jumamosi hakutibu. Hata fundi akikuambia atoe themostati "ili gari lipoe", mkatalie: utakuwa na injini isiyofikia joto lake, inayokula mafuta zaidi, huku uvujaji ukiwa pale pale.

Gari likianza kupandisha joto barabarani, kwa mfano unapanda mlima Kitonga nyuma ya semi iliyojaa, zima AC, washa hita kwenye joto la juu na feni yake kasi ya mwisho. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya ziada. Mshale ukiendelea kupanda, au taa nyekundu ya joto ikiwaka (gari ndogo nyingi za miaka ya 2000 hazina mshale, zina taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari), simama na uzime. Mvuke ukitoka, usifungue boneti mpaka uishe. Watakuja vijana na madumu ya maji, na mmoja atataka kumwagia injini. Mzuie. Chuma kilichopata moto kikimwagiwa maji ya baridi kinapinda au kupasuka, na hedi si spea ya bei ya dumu la maji.

Mafuta ya breki

Tangi lake ni dogo, la plastiki inayoonyesha ndani, nyuma ya injini upande wa dereva. Alama ni MIN na MAX. Hapa kanuni ni moja: tazama bila kufungua. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho ni 140. Ukishuka mlima mrefu kwa breki tupu, mafuta ya zamani yanaweza kuchemka, mapovu yakajaa kwenye paipu, na pedali ikazama bila kushika chochote.

Yakiwa yamepungua polepole, mara nyingi ni pedi zimelika na pistoni zimesogea. Ukijaza mpaka juu kisha ukabadilisha pedi, yatafurika. Kwa hiyo pedi zikaguliwe kwanza. Yakiwa yamepungua ghafla, kuna mvujo, gari halitoki.

Ukilazimika kuongeza, tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa faneli safi. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika, ila DOT 5 ya silikoni kamwe. Oili ya injini au ya gia boksi, hata kijiko kimoja, inavimbisha mipira yote ya mfumo, na utakuwa umenunua breki mpya. Yakidondokea kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja, yanaibabua.

Gia boksi na yaliyobaki

Kwenye gia boksi ya otomatiki nashauri ukague, kuongeza mwachie anayeijua. Toyota zenye kijiti hupimwa injini ikiunguruma, ikiwa na joto, gia kwenye P, na unasoma upande wa HOT. Honda nyingi zenye kijiti hupimwa injini ikiwa imezimwa dakika moja hivi iliyopita. Nyingine hazina kijiti kabisa. Oili zake hazifanani: kuna T-IV na WS za Toyota, na za CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua) ambazo Nissan, Honda na Toyota kila mmoja ana yake. Kutia ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ya kawaida kwenye CVT ni kuiua. Anayekuambia "hizi zote ni moja" mshukuru, ondoka.

Stelingi: IST na Vitz zinatumia mota ya umeme, hakuna oili ya kuangalia. Gari lenye tangi la stelingi lina alama zake. Jaza kwa aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Maji ya kusafishia kioo, jaza tu, ila hakikisha tangi ni lenyewe. Lina picha ya kioo na vifereji vya maji. Kuna waliowahi kujaza sabuni kwenye tangi la kulanti.

Andika, na hifadhi vizuri

Kila ukikagua andika tarehe, kilomita, na kiasi ulichoongeza. Kijiti cha leo pekee hakikuambii kama injini inakula oili. Vipimo vya wiki sita vinakuambia. Baadhi ya watengenezaji huhesabu hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado inakubalika, lakini gari lililokuwa halili kitu na ghafla likaanza kula nusu lita lina habari ya kumpelekea fundi, na ukimpelekea na tarakimu habahatishi.

Oili chafu usimwage mtaroni wala usipake mbao za uzio. Irudishe gereji, kuna wanaoikusanya. Kulanti iliyomwagika ioshe kwa maji mengi mara moja: ina ladha tamu na ni sumu, na paka, mbwa na mtoto anayejifunza kutembea hawajui hilo. Iliyobaki iache kwenye dumu lake lenye maandishi, juu, pasipofikika. Isiwekwe kwenye chupa ya soda hata kwa usiku mmoja.